Diski Niliyoinunua Rusumo

Nyamiaga, jioni

Jovina,

Shikamoo yako ya leo nimeshaiitikia, kwa hiyo barua hii haina haja ya salamu. Mama yako amekwisha kukueleza yote ya safari: namna ya kufunga begi, nani wa kumpigia ukifika Mwanza, namna ya kukaa na wapangaji wenzako. Sitarudia. Ninaandika kuhusu mambo mawili ambayo tumeshindwa kuyazungumza ana kwa ana tangu masika. La kwanza ni swali uliloniuliza juzi ukiwa umeshika simu: "Baba, diski gani ninunue?" La pili ni kwamba unaondoka nyumbani ukiamini wewe ndiye uliyeipoteza sauti ya Nestori. Ukiyatazama vizuri ni jambo moja, kwa sababu jibu la swali lako ndilo linaloeleza sauti ile ilipoteaje.

Nimekuwa mwandishi wa habari tangu kabla hujazaliwa, na kazi imenifundisha kutoamini maelezo ya mtu anayetaka kumfariji mwenzake. Kwa hiyo sitakufariji. Nitaeleza kilichotokea kwa mpangilio wake, na pale ambapo mkono wako umo nitasema umo.

Wewe uliijua sauti ya Nestori kama jina la faili tu, ndiyo maana lazima nianzie kambini. Miaka ile ya kwanza ya wakimbizi, Warwanda walipovuka daraja la Rusumo wakajaza barabara na vilima, na Warundi nao wakaja kwa njia zao, nilikuwa kijana mwenye kinasa sauti cha kaseti kilichofungwa mpira ili betri zisidondoke. Nilizunguka kambini nikiwarekodi watu waliopotezana na ndugu zao, sauti zikatangazwa redioni. Kila mmoja nilimwomba aseme jina lake, jina la baba yake, mlima aliozaliwa, kisha amtaje anayemtafuta. Mlima ulikuwa wa lazima. Kwao ndugu wa tumbo moja hawatumii jina moja la ukoo, kila mtoto ana lake, kwa hiyo jina peke yake halikufikishi kwa mtu.

Nestori nilimkuta kwenye foleni ya maji. Alikuwa Mrundi, mwembamba, mwenye kikohozi. Alikuwa akimtafuta dada yake, Domitila. Alianza kusema, akakohoa, akaomba aanze upya. Nikamruhusu. Alipomaliza nilimrudishia mkanda nyuma ajisikie, kama nilivyofanya kwa kila mtu.

"Huyo si mimi," alisema. "Huyo ni mzee fulani."

"Ni wewe," akajibu mwenzake aliyekuwa nyuma yake na ndoo. "Hata mbuzi wa kwenu angekujua."

Foleni nzima ilicheka. Nestori naye alicheka, kikohozi kikamrudia. Kipindupindu kilipoingia kambini hakuchukua muda, akafa. Sauti yake ilitangazwa, lakini Domitila wakati huo alikuwa upande wa Biharamulo, mahali pasipokuwa na redio. Habari za kifo alizipata baadaye kutoka kwa majirani zao wa mlimani. Aliolewa Kaniha na Msubi, mwenyeji wa huko, akalima, akazaa, akakaa. Hakuwa na picha ya ndugu yake wala nguo yake. Hakujua kwamba mkanda upo.

Mikanda ile niliiweka miaka mingi chini ya kitanda chetu. Uliwahi kuchezea maganda yake. Ilipoanza kuota ukungu niliinakili kwenye kompyuta mmoja baada ya mwingine, na mingi ilicheza mara moja tu, ikakatika. Wa Nestori ulikatika ukiwa karibu kufika mwisho, baada ya sauti yake kupita. Tangu siku hiyo nakala ya kompyuta ndiyo ikawa pekee.

Ndipo nikanunua kile kisanduku cha kuhifadhia mafaili. Kina nafasi mbili za diski, kinaungwa kwenye ruta, na kila kinachoandikwa kwenye diski ya kwanza kinaandikwa pia kwenye ya pili. Diski moja ikifa, nyingine inabaki na kila kitu, unaweka mpya, kisanduku kinaijenga upya kutokana na ile nzima. Niliona nimepata dawa. Nilikwenda dukani Mwanza nikachukua diski mbili zinazofanana kabisa, za boksi moja, zilizofuatana hata namba. Nilipenda zilivyokuwa mapacha. Muuzaji alinieleza kwamba ni diski za kompyuta ya mezani, nikamjibu kwamba diski ni diski.

Hapo palikuwa na makosa mawili kwa mpigo. Diski zilizotoka kiwandani pamoja, zikafanya kazi ileile kwenye kisanduku kilekile chenye joto lilelile, huelekea kuzeeka pamoja. Unapoitegemea moja ikuokoe baada ya nyingine kufa, unamtegemea mgonjwa wa ugonjwa uleule. La pili ni tabia ya diski ya kompyuta ya mezani. Ikikuta mahali pabovu, hung'ang'ania kupasoma, tena na tena, kwa muda mrefu, kwa sababu imetengenezwa ikijua iko peke yake na hakuna wa kuisaidia. Kisanduku hakina subira hiyo. Kinauliza, hakijibiwi, kinahesabu kwamba diski imekufa, kinaitoa. Diski iliyotengenezwa kwa ajili ya visanduku hivi hukata tamaa mapema, ikasema hapa siwezi, na kisanduku kikachukua kipande hicho kwa mwenzake. Kukata tamaa mapema, kwenye kazi hii, ndiyo sifa.

Unakumbuka taa ilipogeuka njano. Wewe ndiye uliyeniita. Diski moja ilikuwa imetolewa.

Nilikuwa na safari ya Rusumo siku zile, kuandika habari za foleni ya malori, kwa hiyo nikapita dukani kwa Sosteni. Sosteni unamjua, tuko naye jumuiya moja, anauza simu, nyaya, kamera za ulinzi na vifaa vyake kwa mawakala wa forodha. Alitoa diski kwenye kabati, ikiwa na ukubwa niliotaka na rangi niliyoizoea. Nilitaka kuigeuza nisome namba yote ya nyuma, na nimuulize ilitoka wapi. Nilikuwa nimeshafungua mdomo.

"Mwandishi," akasema kwa sauti ya kusikika hadi nje, "hata huku utanihoji? Nikuletee na kiti cha waziri?"

Madereva waliokuwa wakisubiri chaji za simu wakacheka. "Mpe na maji ya kunywa," mmoja akaongeza, "maswali yake marefu huyo, nimemsikia redioni."

Nikacheka nao, nikatia diski mfukoni.

Nimefikiria mara nyingi kitendo hicho. Nimewahi kumuuliza mkuu wa wilaya swali lilelile mara tatu mbele ya walinzi wake bila kutetemeka. Lakini Sosteni ni mtu ninayesali naye nyumba kwa nyumba. Alibeba jeneza la babu yako. Kwetu huwezi kumwambia mtu wa jumuiya yako afungue boksi mbele ya wateja ili uhakikishe anachokuuzia. Ungekuwa umemwita mwizi. Na Sosteni si mwizi. Hakujua alichokuwa ameshika, sawa na mimi. Tofauti ni kwamba yeye hakuwa na sauti za watu nyumbani kwake.

Diski ile ilikuwa ya aina inayoandika mistari yake ikilaliana, kama mabati ya paa. Kuongeza bati pembeni ni rahisi. Kubadilisha la katikati ni lazima unyanyue yaliyolilalia, uweke jipya, uyarudishe yote. Mtu anayehifadhi picha za harusi na kuziacha humo hataona tabu. Kisanduku kinachojenga diski nzima upya, kikiandika bila kupumzika, kinazama. Kazi ambayo ingekwisha kesho yake ilijikokota juma zima na haikufika mbali. Na muda wote huo diski ya zamani, yule pacha aliyebaki, ilikuwa ikisomwa usiku na mchana, ikichoshwa kuliko ilivyowahi kuchoshwa.

Katikati ya juma hilo Domitila alikuja mara ya kwanza. Alikuwa amesikia kwa mtu wa Kaniha kwamba ninazo sauti za kambini. Wewe ndiye uliyempokea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Hapa ndipo kwa mwandishi?"

Alikuwa na kikapu cha maharage kichwani, na viatu ameshika mkononi kwa sababu ya tope. Aliketi kwenye kiti cha mama yako. Akaniambia kwa utulivu, kama mtu aliyekuja kuchukua kitu alichokiacha: "Nimekuja kumsikiliza Nestori."

"Mama, mashine iko kazini," nikamwambia. "Inajijenga upya. Tukiigusa sasa tunaweza kuiharibu."

"Anajengwa Nestori?"

"Inajengwa diski."

"Juma lijalo atakuwepo?"

"Yupo. Haendi popote."

Akacheka kidogo. "Tangu utoto hakuwahi kutulia mahali. Leo ndio haendi popote."

Akanywa chai, akakuuliza darasa lako, akarudi Kaniha.

Sasa nakueleza usilolijua. Kisanduku kikiwa katika kujenga upya, bado kinasoma. Kinasoma polepole, lakini kinasoma. Diski ya zamani ilikuwa bado nzima siku hiyo. Faili la Nestori lilikuwa humo. Ningelibonyeza pale pale, tungesubiri kidogo, na Domitila angemsikia ndugu yake akikohoa na kuanza upya, akiwa ameketi kwenye kiti kile. Ningeweza hata kulinakili kwenye simu yako wakati anakunywa chai. Sikufanya kwa sababu nilikuwa nimesoma mahali kwamba mashine ikifanya kazi hiyo ni vyema isisumbuliwe, nikalishika neno hilo bila kuliuliza maswali. Niliilinda mashine dhidi ya mtu ambaye kwa ajili yake niliinunua.

Sauti ya Nestori, kwa Domitila, ilipotea siku hiyo, kabla ya mvua.

Mvua ilikuja baada ya siku chache. Sikuwepo. Nilikuwa Kabanga, mpakani, kwa sababu Warundi walikuwa wameanza kuvuka tena, akina mama na magodoro, watoto wamevalishwa nguo zote walizonazo kwa mpigo mmoja. Nilikuwa nawauliza majina, majina ya baba zao, milima yao. Nyumbani mlikuwa wewe na Bibi. Nimewahoji wote wawili kuhusu siku hiyo, kila mmoja peke yake, na maelezo yenu yanalingana.

Radi ilipiga bonde la chini. Bibi akafunika kioo kwa kitenge, akaita kuku, kisha akaanza na nyaya.

"Chomoa! Chomoa kila kitu! Unataka tukutwe majivu?"

"Bibi, Baba alisema hicho kisiguswe."

"Baba yako yuko Kabanga. Radi iko hapa."

Ukachomoa.

Ningekuwepo ningechomoa. Hakuna mtoto wa vilima hivi ambaye hajafundishwa hivyo, na wewe nilikufundisha mimi, kabla hujaanza shule, nikakuchapa kiganja siku uliyosahau redio ukutani. Niliondoka nikikuachia neno moja, kisiguswe, nikijua ni mwezi wa mvua, nikijua juma zima lingekuwa la radi, na sikukuambia la kufanya zikigongana amri mbili. Wala sikuwa nimenunua ile betri ya akiba inayokaa kati ya ukuta na kifaa. Ungechomoa waya wa ukutani, Bibi akaridhika, na kisanduku kingeendelea kwa betri mpaka radi ipite. Nilikuwa nimeiona dukani. Niliona ni kifaa cha maofisi.

Jioni mlichomeka tena, kazi ikaanza upya kutoka mwanzo. Hapa ndipo mkono wako umo, na nasema kama nilivyoahidi: kuchomoa kulianzisha kazi upya. Katika kuanza huko upya, diski ya zamani ilianza kushindwa. Asubuhi taa zote mbili zilikuwa njano. Nilipofika kutoka Kabanga nilikukuta umekaa sakafuni mbele ya kisanduku, hujala.

Domitila alirudi siku tuliyokubaliana. Hili ndilo ninalolikumbuka kuliko yote. Kabla sijafungua mdomo ulipiga magoti mbele yake ukalia.

"Ni mimi, mama. Mimi ndiye niliyechomoa."

Alikutazama, kisha akanitazama mimi. Aliningoja niseme. Nilikuwa najua tayari habari za mabati na za mapacha, kwa sababu usiku uliotangulia nilikuwa nimeigeuza diski ya Sosteni na kusoma namba yake yote. Nikanyamaza. Nilijiambia kwamba mambo ya mashine ni marefu kumweleza mama aliyetoka Kaniha kwa basi. Kusema kweli ilikuwa rahisi kwangu kuacha neno lako libaki kuwa maelezo. Akakushika kichwa, akasema, "Pole, mwanangu, inatosha." Akaondoka na kikapu chake kitupu, nami nikamsindikiza hadi barabarani tukizungumzia bei ya mbegu.

Ungenisikia nikizungumzia mbegu ungejua baba yako ni mtu wa namna gani siku mbaya inapomkuta.

Diski zote nilizipeleka Mwanza kwa fundi wa kuokoa mafaili. Nilimuuliza kama ninavyouliza kazini, bila kumwonyesha jibu ninalolitaka.

"Kilichoiua ni kukatwa kwa umeme?"

"Hapana. Hii ilikuwa inaondoka yenyewe. Ona sehemu mbovu zilivyotapakaa, hizi si za siku moja."

"Isingechomolewa, ingemaliza?"

"Kwa mwendo wa ile uliyoweka? Sidhani. Siwezi kuapa."

"Na ningeweka inayofaa?"

"Mzee, ungeweka inayofaa mimi na wewe tusingejuana."

Hayo ndiyo maneno yake, na siwezi kuyanyoosha zaidi ya hapo. Aliokoa sehemu. Sauti nyingi za Warwanda zimerudi, na za Warundi wachache. Folda aliyokuwamo Nestori ilifunguka ikiwa na majina, na nyuma ya majina hakuna kitu. Faili lake lina ukubwa, lina tarehe, ukilibonyeza ni kimya.

Nimesema nitajibu swali lako. Ulinionyesha kwenye simu diski ya bei nafuu, ukasema utaweka mbili kwenye kisanduku chako cha Mwanza ili sauti zilizobaki ziwe katika nyumba mbili. Wazo ni zuri kuliko yote niliyowahi kuyafanya mimi. Diski uliyonionyesha usiinunue. Ni ya mabati.

Watengenezaji wa visanduku huweka kwenye tovuti zao orodha ya diski walizozijaribu na zikapatana na kisanduku chao. Anza huko, kabla ya duka. Usiangalie jina na ukubwa tu. Diski mbili zinaweza kuwa na jina moja, karatasi ya rangi moja na ukubwa mmoja, moja ikawa ya mabati na nyingine siyo, zikatofautiana kwa herufi za mwisho za namba tu. Andika namba nzima kwenye kiganja ukipenda. Boksi lisipoisema aina yake, tafuta karatasi ya maelezo ya mtengenezaji, na nayo ikinyamaza, iache. Chukua iliyotengenezwa kwa ajili ya visanduku vya kukaa macho mchana na usiku. Chukua moja duka hili na nyingine duka lile, ili zisiwe za tumbo moja. Na siku utakapobadilisha moja, mpya isiwe ndogo kuliko ya zamani hata kwa unywele, kisanduku kitaikataa.

Na usije ukasema, kama nilivyosema mimi kwa miaka, kwamba diski mbili kwenye kisanduku kimoja ni nakala mbili. Ukifuta faili kwa bahati mbaya, linafutika kwenye zote mbili kwa uaminifu uleule. Nyumba ikiungua zinaungua pamoja. Nakala ya pili ni ile iliyo mahali pengine, kwa mtu mwingine, ambaye hata mkikosana ataitunza. Ndiyo maana niliposikia unaondoka, pamoja na mengine yote niliyoyasikia moyoni, niliona pia kwamba sasa kuna nyumba ya pili.

Muuzaji akikucheka, mwache acheke. Akiwa mtu wa kwetu, mwambie, "Kaka, naomba niigeuze." Atasema unamdharau. Igeuze.

Sasa jambo la mwisho. Alhamisi sikwenda kwenye mkutano wa wilaya kama nilivyowaambia. Nilikwenda Kaniha. Nilimkuta Domitila anapura maharage uani, akanipa kigoda. Nilimweleza yote: boksi moja, Sosteni, mabati, chai aliyokunywa huku sauti ikiwa hai chumba cha pili. Nilimwambia kwamba wewe ulichomoa waya kwa sababu ya radi na kwamba mengine yote ni yangu, na kwamba siku ile ulipopiga magoti nilijua na nikanyamaza. Hakunikatiza. Aliendelea kupura kwa mkono mmoja, polepole.

"Wewe ulimsikia," akasema nilipomaliza. "Alisema nini?"

"Alisema jina lake. La baba yenu. La mlima. Akalitaja jina lako. Akakohoa, akaomba aanze upya."

"Mara ya pili?"

"Mara ya pili alisema zaidi. Sikumbuki."

"Hukumbuki, au unanihurumia?"

"Sikumbuki, mama. Nilikuwa narekodi watu wengi."

Akaangalia maharage yake. "Basi usiniongezee," akasema. "Hayo yanatosha."

Nilikaa. Jovina, nimekaa na watu wengi waliofiwa, na mara nyingi najua saa ya kuondoka. Siku ile sikuijua. Ni yeye aliyeinuka kwanza. Aliuliza habari zako. Nikamwambia unaondoka kwenda Mwanza, akauliza lini, nikamwambia siku na gari. Akasema gari hilo husimama Lusahunga abiria wanunue chakula, na kwamba kutoka kwake hadi pale ni safari ya bodaboda. Atakuwepo stendi.

"Asishuke na maneno ya kuniomba radhi," akasema. "Alishayasema na hayakuwa yake. Mara ya mwisho nilimwacha analia. Nataka nimwone halii, basi."

Sikumwahidi kwamba utashuka. Nilimwambia kwamba nitakuandikia, na kwamba kushuka au kubaki kwenye gari ni uamuzi wako, maana nimeshasema na kunyamaza kwa niaba yako vya kutosha.

Gari halikawii pale. Mwombe kondakta kiti cha karibu na mlango.

Baba yako